Gusa, Usikandamize

Malindi, Unguja
9 Machi 1969

Mjomba wangu Jaku,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana na anasema umekonda. Hajakuona tangu mwaka 1965, ulipokwenda Mombasa kupiga harusini na kikundi chenu ukaaga kwa wiki moja tu, lakini anasema umekonda na hataki kubishiwa.

Gitaa la besi limefika. Bi Mashavu alilishusha melini pamoja na bidhaa zake, ndani ya blanketi, watu wa forodha wakalichezea kidogo, wakamwacha apite. Nyuzi zote nne nzima. Amplifaya sina, lakini nimegundua dawa yake: naegemeza pembe ya gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo la Mama, na kabati zima linanguruma. Mama anasema kanga zake sasa zinatetemeka kabla hajazivaa.

Ahsante sana, Mjomba. Tangu nijifunze peke yangu kwenye lile besi lako kubwa la mti, nilikuwa naota kitu cha umeme.

Sasa shida yangu. Bi Mashavu anasema alikusikia harusini Kibokoni, na katikati ya wimbo ukatoa kwenye besi sauti nyembamba ya kengele, mpaka akageuka kutafuta nani mwingine anapiga. Nimeitafuta sauti hiyo wiki mbili. Natoa sauti za chura. Nifundishe.

Na jambo la pili, dogo. Besi kubwa bado liko nyuma ya kabati, na liko uchi. Nilitaka sanduku lake nilaze gitaa humo, maana fundi ninayemfanyia kazi ya redio ameniambia unyevu utalipinda shingo. Nimelitafuta juu na chini. Nilipomuuliza Mama, akakumbuka ghafla kwamba ana maziwa jikoni. Siku ile hatukuwa na maziwa. Sanduku liko wapi?

Mpwa wako,
Muhiddin


Kibokoni, Mombasa
2 Aprili 1969

Mwanangu Muhiddin,

Marahaba. Mwambie dada yangu sikukonda, nimenenepa, na siku hizi tumbo linapanda jukwaani kabla yangu. Kazi ipo. Hoteli inatutaka siku nne kwa wiki, na Wazungu wanacheza vibaya lakini kwa moyo.

Haya, fungua masikio. Uzi ukiupiga wazi, unatikisika wote. Ukiugusa katikati yake hasa, juu ya chuma cha kumi na mbili katika vile vilivyokatiza shingo, unagawika nusu mbili na kila nusu inaimba. Hiyo ndiyo kengele. Gusa, usikandamize. Kidole kiwe juu ya chuma chenyewe, si baina ya vyuma kama ulivyozoea, na ukiondoe mara uzi unapolia. Ukikandamiza umeiua. Itatoka sauti nene ya kila siku, na hiyo hukuhitaji mjomba wa kukufundisha.

Kengele hii ni ya bure, uzi wenyewe unakupa. Aliyoisikia Mashavu ni nyingine, ya kutengeneza, nayo unaweza kuitoa popote upendapo. Sikupi mpaka uniandikie kwamba ya bure unaipata mara kumi mfululizo.

Habari za sanduku hakuna. Lifunike besi kwa shuka na ulirudishe ulipolikuta. Gitaa lilaze chini ya kitanda, na usimsumbue mama yako kwa habari za maziwa.

Mjomba wako,
Jaku


Malindi, Unguja
25 Mei 1969

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki sita, utadhani imekuja kwa miguu. Bahasha ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya kahawia, na mimi najua wewe hubandika kwa ulimi. Nadhani ilipata mvua njiani.

Kengele nimeipata! Mara kumi, jana alasiri. Ya kumi na moja ikamleta Mama chumbani. "Kengele ya kanisa la Mkunazini ishahamia kabatini mwangu?" akasema. "Mie ntaswali wapi?" Lakini alisimama akasikiliza mbili zaidi kabla ya kutoka.

Habari nyingine njema: nimeingia kikundi cha vijana cha tawi letu la chama. Wana amplifaya ya kweli. Kiongozi wetu anaitwa Bwana Hija, mwimbaji, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mpole, na akitembea viatu vyake havisikiki. Alikuja nyumbani kuliona gitaa, kisha akataka kuliona na besi kubwa. Nikalivua shuka. Akaligonga kwa kidole, akalizunguka. Nilidhani atauliza linapigwaje. Akauliza linalala wapi.

Nikamwambia sanduku halionekani tangu ulipokwenda Mombasa.

"Kwa hivyo sanduku kenda nalo," akasema, "na besi kaliacha."

Nikacheka, nikasema labda ulisahau. Akacheka na yeye. Akauliza kama ulikuwa rafiki wa Bakar, yule mpiga fidla aliyetoweka mwaka ule ule wakati anatafutwa na serikali. Nikamwambia mlikuwa chanda na pete.

Mama hakula siku ile. Nilipomuuliza alisema tumbo. Nipe basi hiyo kengele ya kutengeneza, nimeshaistahiki.

Mpwa wako,
Muhiddin


Kibokoni, Mombasa
12 Juni 1969

Muhiddin,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu. Juzi nimeng'olewa jino la nyuma na shavu limevimba, kwa hiyo ukiona maneno yangu makali, ni jino.

Mgeni anakaribishwa barazani, au sebuleni akiwa mtu wa heshima. Nyuma ya kabati la mama yako hakuna mgeni anayekaribishwa. Huyo Bakar nilimjua kama nilivyowajua wapigaji wote wa mjini, basi. Na besi lile limeliwa na mchwa. Mpe seremala alipasue, leo, usingoje kesho. Mwambie mama yako nimesema pole. Atajua pole ya nini.

Somo lako, maana niliahidi. Mkono wa kushoto ukandamize chuma cha tatu. Uzi sasa umekuwa mfupi, na katikati yake imehama. Hesabu vyuma kumi na viwili mbele, ufike cha kumi na tano. Hapo ubavu wa gumba la kulia uguse, guso la inzi, na kidole cha shahada cha mkono huo huo kichomoe uzi nyuma ya gumba. Mkono mmoja, kazi mbili. Kushoto akihama, kulia naye anahama hatua zile zile, hawaachani. Wewe kushoto kandamiza, kulia gusa. Siku ukikandamiza kwa kulia, mimi nitajua hata nikiwa Mombasa.

Jaku


Malindi, Unguja
3 Agosti 1969

Mjomba,

Shikamoo, na pole na jino.

Hapa pana ajabu. Bwana Hija sasa anakuja kila Alhamisi kunywa kahawa. Alhamisi moja mwezi uliopita alimwambia Mama, "Mpeni pole Jaku kwa jino lake." Mama akaniangalia, mimi nikamwangalia Mama, maana hatukuwa na habari ya jino lolote. Barua yako ilikuja siku sita baadaye. Nilidhani Bi Mashavu ndiye aliyemwambia, lakini Bi Mashavu yuko Pemba tangu mwezi wa sita.

Besi kubwa halipo tena. Seremala hakuwahi. Hija alikuja na gari akalichukua, akasema litatengenezwa kwa ajili ya kikundi. Kabla ya kulipakia alilipima kwa kamba, urefu na upana wa tumbo, akafunga mafundo kwenye kamba akaitia mfukoni. Sijui seremala gani anayepima namna hiyo.

Kengele ya kutengeneza imeanza kutoka. Mara moja katika kumi, lakini inapotoka, Mjomba, nahisi mwili wangu wote umesimama kuisikiliza. Sitaki kufanya kazi nyingine yoyote duniani. Mama amebadilika. Akisikia mlango anakaa kitako kitandani na mikono mapajani, anangoja.

Mpwa wako,
Muhiddin


Kibokoni, Mombasa
1 Septemba 1969

Muhiddin,

Marahaba. Sisi wazima. Joto.

Kufundisha nimeacha, hoteli inanichosha. Usiniandikie tena habari za muziki wala za wageni. Niandikie kama mama yako anakula. Bibi yako wa Tumbatu amezeeka na anahitaji mtu wa kumchotea maji. Nendeni wote wawili mkakae naye. Nendeni mwezi huu.

Jaku


Malindi, Unguja
14 Februari 1970

Kwa Mjomba mpendwa Jaku,

Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi sote ni wazima isipokuwa Mama, ambaye anaumwa kifua tangu mwezi wa kumi na mbili. Madaktari wamesema apewe kila anachokitaka, na anachokitaka ni kumwona ndugu yake.

Mambo ya zamani yamekwisha na hapana anayekutafuta. Viongozi wa tawi wamesema mwanamuziki kama wewe anahitajika nyumbani, na watakupokea bandarini. Ukija, njoo na sanduku la besi, kwani besi limeshatengenezwa na halina pa kukaa. Kama Bakar yuko huko, naye aje. Fidla yake inahitajika.

Kuhusu gitaa, naendelea vizuri. Ile sauti sasa naipata kwa njia yangu mwenyewe, bora kuliko uliyonifundisha: gumba la kulia nalikandamiza kwa nguvu zangu zote, mpaka uzi unalala juu ya chuma, na wala siliondoi. Inatoka safi kabisa. Ukija utaisikia.

Njoo, Mjomba. Njoo upesi.

Mpwa wako,
Muhiddin


Kibokoni, Mombasa
5 Machi 1970

Mwanangu Muhiddin,

Barua yako nimeisoma na gitaa likiwa mapajani. Nimeijaribu hiyo njia yako. Nimekandamiza kutwa nzima mpaka gumba limeingia weusi, na nataka ujue kwamba sauti yako nimeisikia vizuri. Vizuri sana, mwanangu. Huna tena la kujifunza kwangu.

Kuja siwezi. Nimeanguka ngazini hotelini, mguu umevunjika mahali pawili na daktari hataki niguse chini mpaka mwezi wa nane. Sanduku liliungua mwaka juzi, jiko la jirani lilishika moto. Bakar sijui aliko.

Dada yangu Mwanakhamis, nisamehe mguu huu.

Jaku


Kibokoni, Mombasa
20 Novemba 1970

Muhiddin,

Hii barua ya nne bila jibu. Sitaki habari ndefu. Andika neno moja, "mzima", au mama yako amwandikishe mtu yeyote, nitaridhika.

Redio yenu tunaipata huku upepo ukiwa mzuri. Ijumaa jioni kilipiga kikundi cha tawi lenu, na Hija wenu aliimba. Sauti yake tamu. Nilikaa na sikio kwenye kitambaa cha redio mpaka mwisho. Aliyepiga besi hakuwa wewe. Pigo lako nalijua, nimelifundisha mwenyewe kwa karatasi.

Sina amani, mwanangu. Naogopa, na sioni haya kusema.

Mjomba wako,
Jaku


Tumbatu
6 Julai 1971
Kwa mkono wa Bi Mashavu

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii haikupita posta. Imekuja ndani ya kikapu cha dagaa cha Bi Mashavu, samahani kwa harufu. Humu nitasema yote. Mwandiko hutautambua, naandika kwa mkono wa kushoto.

Mama mzima. Hakuwahi kuumwa kifua.

Ile barua ya kukuita ilisemwa na Hija, mimi nikaandika, katika nyumba moja upande wa Chukwani nilikokaa wiki saba. Nilijua habari za sanduku huko, kwa vinywa vyao. Kwamba Bakar alitoka kisiwani amejikunja ndani yake, na wewe ukalisukuma bandarini huku unapiga mluzi, na askari wawili wakakusaidia kulipandisha melini wakilalamika uzito wa muziki. Waliwahi kukushuku, lakini hawakuwa na ushahidi mpaka walipoliona besi. Mjomba, nilikuonea fahari hata mahali pale. Kisha nikakumbuka nani aliyelivua shuka. Wewe na Mama mlinyamaza miaka minne ili nisiwe na la kusema, nami nikamwonyesha mgeni nyuma ya kabati kwa sababu alilisifu gitaa langu. Jambo hili naamka nalo na nalala nalo.

Hija aliniambia nitie na habari za gitaa, barua ifanane na zangu. Yeye ni mwimbaji tu, hajawahi kushika uzi. Somo lako alilisoma kabla yangu, lakini alisoma kama mtu anayesoma namna ya kupika chakula asichokula. Nikatia lile la kukandamiza. Alilipitia mara mbili akasema zuri. Nilikaa nikiomba Mungu uwe hujasahau ulichoniandikia, kwamba utajua hata ukiwa Mombasa.

Jibu lako la mguu lilipofika alinisomea, akaikunja barua. Wakaniachia nirudi nyumbani na kikundini, nikadhani yamekwisha. Mwezi wa tano mwaka jana, mazoezini, nikajisahau. Nilikuwa na amplifaya, Mjomba, na kengele zilikuwa zinatoka zote, moja baada ya moja, chuma cha tatu na cha kumi na tano, cha tano na cha kumi na saba. Nikafumba macho kwa raha. Nilipoyafungua, Hija amechutama mbele ya gitaa, uso wake karibu na mkono wangu, anaangalia gumba.

"Mbona hukandamizi?" akasema.

Hospitalini imeandikwa kwamba mlango wa gari ulifunga juu ya mkono wangu wa kulia. Gumba na shahada. Ni kweli ulifunga. Haikuandikwa mara ngapi.

Tulikuja huku kwa bibi mwezi uliofuata, kama ulivyotuambia mapema nasi hatukusikia. Barua zako tatu za mwisho tumezipata zote pamoja, juzi, kwa mkono wa Hija. Nitafika kwake.

Gitaa tunalo. Mama alilibeba mwenyewe kichwani, yeye aliyekuwa akigombana nalo. Lilikaa ukutani mwaka mzima bila kuguswa. Mwezi uliopita alilishusha, akalifuta kwa ncha ya kanga, akaniwekea mapajani na yeye akaketi kwenye kibao mbele yangu. "N'onyeshe pa kugusa," akasema. Sasa tunapiga wawili. Mimi nakandamiza kwa kushoto. Mama anagusa kwa kidole cha mkono mmoja na kuchomoa kwa mkono wa pili. Kabati huku hatuna, tunaegemeza kwenye mlango. Siku nyingi zilitoka sauti za chura, na Mama alichukia kwelikweli, akaanza kulala na gitaa upande wake. Ikatoka wiki iliyopita. Mama alikaa na kidole hewani mpaka sauti ikaisha, halafu akaniambia, "Rejea chuma kile kile."

Jumapili Hija alikuja. Alivuka kwa mashua, akatembea mchangani na viatu mkononi. Akanywa kahawa, akatupa barua zako, akaulizia mguu wako. Akataka kujua kama Bi Mashavu bado anasafiri. Wakati wa kutoka aliuona mlango una alama ya pembe ya gitaa, akaupapasa, akasema siku moja atakuja kusikiliza.

Kwa hiyo usinijibu. Usitume nyuzi. Na Bi Mashavu akikufikia, mwambie asirudi kwa njia aliyojia. Sanduku, kama bado unalo, lipasue uchemshie chai. Bakar ahame mji.

Siku ukipata barua kwa ule mwandiko wangu mzuri wa zamani, ujue si mimi. Ukipata kwa mwandiko huu mbaya ikikuita nyumbani, jua kwamba nimekaa mahali na mtu amesimama nyuma yangu. Safari ile nilikuwa na gumba la kukuonya nalo. Sasa wanajua, na gumba sina. Kwa hiyo onyo langu nalitoa leo, moja kwa siku zote zijazo, nami sitaweza kulirudia: hata nikikuandikia kwamba Mama amekufa, usije. Hata ikiwa kweli.

Mpwa wako,
Muhiddin